Namna ya kukitumia kitenzi "get" bila kukosea: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kila ninaposahihisha barua za kuombea kazi za wanafunzi wangu wa jioni, kalamu nyekundu husimama palepale: penye "get". Mmoja ameandika "Yesterday I got an accident". Mwingine, binti wa Kidato cha Sita mwenye alama nzuri za Biolojia, ameandika "I want to get a doctor", akimaanisha anataka kuwa daktari. Mwingereza akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba binti ana mgonjwa nyumbani na anatafuta daktari wa kumtibu.

Hawa si wavivu. Walipokuwa wadogo waliambiwa kwamba "get" ni kupata, wakanakili ubaoni, na hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba lile lilikuwa jibu moja kati ya mengi. Kwa hiyo wanakosea pande zote mbili: wakisoma, kila "get" wanaielewa kuwa ni kupata, wakiandika, kila kupata wanaigeuza kuwa "get". Hatua zifuatazo zinashughulikia pande zote hizo. Ya pili na ya nne ndizo ndefu, zitengee muda wa kutosha. Nyingine unaweza kuzimaliza jioni moja.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Maandishi yako mwenyewe ya Kiingereza, kurasa mbili au tatu: barua, insha, barua pepe za kazini. Usichukue mifano ya kitabuni, maana makosa yako hayamo humo.
- Kamusi ya wanafunzi, ya Kiingereza kwa Kiingereza. Oxford, Longman na Cambridge wote wana kamusi za namna hii zinazosomeka bure kwenye intaneti. Kamusi ya wanafunzi hukuonyesha neno likiwa ndani ya sentensi, na hukuambia kama ni la mazungumzo au la maandishi rasmi.
- Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, ya kuhakikishia tu baada ya kufikiri mwenyewe.
- Daftari lenye safu tatu: ya kwanza sentensi ya Kiingereza, ya pili maana yake kwa Kiswahili, ya tatu kisawe, yaani neno jingine la Kiingereza linaloweza kukaa mahali pa "get".
- Kalamu mbili za rangi tofauti.

Programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu iweke kando mpaka umalize jaribio la mwisho. Ukiitegemea mapema itakupa jibu bila kukuonyesha sababu, na kesho utakosea tena palepale.

## Hatua ya 1: Zikusanye "get" zote ulizoandika

Pitia kurasa zako na upigie mstari kila "get", "gets", "got" na "getting". Usiishie kwenye neno lenyewe. Mstari uendelee hadi maneno matatu au manne yanayofuata.

Sababu. "Get" ikisimama peke yake ni mpini tu. Hujui kama ni wa jembe au wa shoka mpaka uone chuma kilichotiwa mbele yake.

Angalizo. Unaweza kukutana na "gotten". Hiyo ni ya Marekani: wao husema "I have gotten used to it", Waingereza husema "I have got used to it". Zote ni sahihi kwao. Shule za Tanzania, Kenya na Uganda hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo shika "got". Lililo baya ni kuzichanganya katika barua moja.

Utajuaje umefaulu. Una angalau mistari kumi. Ikipungua, ongeza ukurasa.

## Hatua ya 2: Tazama kinachoifuata

Hapa ndipo penye kazi. Maana ya "get" hukaa kwenye mkia wake. Chukua kila mstari uliopiga na ujiulize: baada ya "get" kuna nini?

### Ikifuatwa na kitu

"I got a letter." "Get some bread." "Get me a chair."

Hapa ndipo kupata kunapofaa, lakini hata hapa kuna tofauti. Barua umeipokea. Mkate utaununua. Kiti utakwenda kukichukua uniletee. Kiingereza kimetumia neno moja, Kiswahili kinataka matatu, na ukiyajua hayo matatu umekwishapata nusu ya visawe tutakavyovihitaji mbele.

### Ikifuatwa na sifa

"She got angry." "It is getting dark." "We got wet."

Hapa hakuna kupata kabisa. Kuna kubadilika: mtu au kitu kimetoka hali moja kikaingia nyingine. Sisi badiliko hilo tunalo ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema alikasirika, tukalowa, amezeeka, amenenepa, amelewa, neno moja tu na kazi imekwisha. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kawaida cha kulowa, kwa hiyo huchukua "get" na kukibandikia sifa "wet". Ukilielewa hili, utaacha kuhangaika kuitafutia "get" tafsiri yake ya peke yake. Tafsiri yake imo ndani ya kasirika, ndani ya choka, ndani ya lowa.

Chunga wakati. "Nimechoka" ni "I am tired", kwa sababu uchovu umekwishaingia na bado upo. "Naanza kuchoka" ni "I am getting tired". "Nilichoka" katika masimulizi, pale hali ilipobadilika, ni "I got tired". Wengi huandika "I got tired" wakitaka kusema nimechoka sasa hivi, na msomaji hudhani ni habari ya jana.

Na hapa ndipo yule binti wa Biolojia alipoteleza. "Get" hubeba sifa, haibebi cheo wala kazi. Unaweza kusema "get rich", "get famous", "get old". Huwezi kusema "get a doctor" ukimaanisha kuwa daktari, wala "get a teacher" ukimaanisha kuwa mwalimu. Kazi na vyeo huchukua "become": "I want to become a doctor".

### Ikifuatwa na mahali

"We got to Dodoma at noon." "I got home late."

Maana ni kufika. Miji na majengo huchukua "to" katikati: "get to Dodoma", "get to the station". Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to". "I got to home" ni kosa, na ni la kila wiki kwenye meza yangu.

### Ikifuatwa na mtu, kisha "to", kisha kitenzi

"I got him to sign the form."

Maana: nilifanikiwa kumfanya asaini. Huenda nilimbembeleza, huenda nilimshawishi; la msingi ni kwamba mwishowe alisaini. Chunga ile "to". "Make" hufanya kazi inayofanana na hii lakini haina "to": "I made him sign", na hiyo ina kulazimisha ndani yake. Mwenye kuandika "I got him sign" amechukua nusu ya huku na nusu ya kule.

### Ikifuatwa na kitu, kisha kitenzi kilichokwisha kutendwa

"I got my hair cut." "She got a dress made." "Get the phone repaired."

Kazi imefanywa, lakini mfanyaji ni fundi. Kiswahili hakijali sana jambo hili. Bibi harusi anasema "nimeshona gauni" na sote tunajua kwamba fundi ndiye aliyekaa kwenye cherehani, yeye alipeleka kitambaa na kutoa hela. Ukiandika "I sewed a dress", Mwingereza anakuona wewe mwenyewe na sindano mkononi. Ukiandika "I cut my hair", anakuona mbele ya kioo na mkasi. Kwa hiyo kazi ya fundi, kinyozi au wakala iandike kwa muundo huu: "get", kitu, kitenzi.

### Ikifuatwa moja kwa moja na kitenzi kilichokwisha kutendwa

"He got arrested." "They got paid on Friday." "She got married."

Hii ni kauli yetu ya kutendwa: alikamatwa, walilipwa, aliolewa. "Got" imekaa mahali pa "was", na husikika ya mazungumzo zaidi.

Kuna jambo moja la ndoa. Sisi mwanamume huoa na mwanamke huolewa; "get married" ni ya wote wawili, mume kwa mke. Lakini kwa kuwa tumezoea "ameolewa na Juma", wengi huandika "She got married by Juma". Sentensi hiyo inasema Juma ndiye aliyefungisha ndoa, yaani yeye ni mchungaji au kadhi. Andika "to": "She got married to Juma".

### Ikifuatwa na "to" na kitenzi

"I got to meet the minister."

Nilibahatika, nilipata nafasi. Usiichanganye na "have got to", ambayo ni lazima. Tutaifikia.

### Ikifuatwa na wazo au maneno ya mtu

"I get it." "I didn't get your point."

Ni kuelewa. Ya mdomoni zaidi kuliko ya kwenye karatasi.

Utajuaje umefaulu. Kila mstari kwenye karatasi yako una alama ya aina ya mkia wake. Zile za kitu zipake rangi moja, zilizobaki rangi nyingine. Ukishapaka utaona mwenyewe ni ngapi ambazo hazina uhusiano wowote na kupata.

## Hatua ya 3: Andika maana bila kutumia "pata"

Kwenye safu ya pili ya daftari, andika maana ya kila sentensi kwa Kiswahili, na ujipige marufuku: neno pata lisionekane popote. "I got your message" iwe nimepokea ujumbe wako. "Where did you get that bag?" iwe ulinunua wapi mkoba huo, au nani alikupa. "I got malaria" iwe niliugua malaria.

Sababu. Pata ni neno pana mno hata kwetu. Mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata ajali, hupata choo. Hata kisu kikiwa kikali tunasema kinapata. Neno pana likitafsiriwa kwa neno pana, maana humwagika njiani. Ukilinyima Kiswahili chako neno hilo, kitakulazimisha useme unachokitaka hasa.

Utajuaje umefaulu. Mtu asiyejua Kiingereza anasoma safu ya pili peke yake na kuelewa kila sentensi.

## Hatua ya 4: Chagua kisawe kwa uzito wake

Visawe havilingani uzito. Nitakuonyesha kwa hela, kwa sababu kila mtu anajua hela huja kwa njia nyingi. Chukua sentensi "I got the money", kisha ubadilishe kitenzi:

- "I received the money." Umetumiwa, labda kwenye simu. Wewe ulikuwa umekaa, ikakujia.
- "I earned the money." Umefanya kazi. Kuna jasho hapo.
- "I won the money." Shindano au bahati nasibu.
- "I obtained the money." Ulihangaika: fomu, wadhamini, benki, njoo kesho. Mwishowe ikatoka.
- "I fetched the money." Ilikuwa nyumbani. Ulikwenda kuichukua ukarudi nayo.

Hela ni zilezile, na watu watano tofauti. Anayeandika "got" mara zote tano amemnyima msomaji habari ambayo alikuwa nayo mkononi.

Sasa vile ambavyo hela haikuvionyesha. "Gain" ni kuongezewa juu ya ulichonacho, na mara nyingi kitu hicho hakishikiki: uzoefu, imani ya watu, uzito wa mwili, uhuru. "Acquire" ni kujipatia kidogo kidogo mpaka kikawa chako: ujuzi, ardhi, lugha. Mtoto wa Pemba "acquires" Kiswahili kwa mama yake, hakuna aliyemkalisha darasani. "Obtain" ni neno la ofisi: kibali, leseni, hati, viza. Ukilipeleka jikoni linachekesha. Mtoto anayetumwa maji kisimani anakwenda "fetch water", hawezi "obtain" ndoo mbili za maji.

"Receive" ina mitego miwili kwa Mswahili. Sisi hupokea simu, lakini simu inayolia kwa Kiingereza ni "answer the phone". Na sisi hupokea mgeni uwanja wa ndege, lakini kwa Kiingereza cha kawaida ni "meet": "I will meet you at the airport". "Receive" kwa mgeni ipo, ila ina zulia jekundu na viongozi waliopanga foleni.

Kwa mikia mingine mambo ni mepesi. Penye sifa tumia "become". Penye mahali, "arrive" au "reach". Penye mtu na "to", "persuade" kama kulikuwa na kubembeleza. Penye wazo, "understand". Penye kazi ya fundi, "have": "I had my hair cut".

Onyo: ukibadilisha kitenzi, badilisha na kinachokizunguka. "Get to Mombasa" ikiwa "reach", ile "to" inaondoka: "reach Mombasa". Ikiwa "arrive", inakuja "in" kwa mji na "at" kwa jengo au kituo: "arrive in Mombasa", "arrive at the station". "Reached to Mombasa" naiona hata kwenye ripoti za watu wenye shahada.

### Mfano mmoja mzima

Haya ni maneno ya barua ya kazi, nimeyabadilisha kidogo ili mwenyewe asijulikane:

> I got a diploma in 2019 and after that I got a job in a hotel where I got many experience. I will be happy if I will get your response.

"Got" tatu na "get" moja. Tuzipitie. Stashahada hutolewa na chuo baada ya masomo, kwa hiyo "obtained". Kazi aliitafuta akaiona: "found". Uzoefu ulimwongezeka: "gained". Na "experience" ya namna hii haihesabiki, kwa hiyo "many" iondoke. Jibu la barua lina usemi wake uliozoeleka, tuutumie huo.

> I obtained a diploma in 2019. I then found a job in a hotel, where I gained three years' experience. I look forward to hearing from you.

Soma zote mbili kwa sauti. Ya pili si ndefu kuliko ya kwanza wala haina neno la kutisha, na mwajiri sasa anajua mwombaji alisoma, akatafuta, akakua. Ile miaka mitatu aliniambia mwenyewe nilipomuuliza. Alikuwa nayo siku zote, ila "got many experience" iliifunika.

### Wapi usiiguse "get"

Baada ya somo hili wengine hutaka kuifuta kabisa. Usifanye hivyo. "Get dressed", "get ready", "get lost", "get rid of" ni Kiingereza safi, na ukilazimisha kisawe utaharibu. Vilevile katika mazungumzo, ujumbe wa simu na barua kwa rafiki, "I got your message" ni tamu kuliko "I received your message". Uzito ufuate mahali: kwa rafiki legeza, kwa ofisi kaza.

Utajuaje umefaulu. Katika barua rasmi ya ukurasa mmoja umebakiwa na "get" moja au mbili, na kila moja unaweza kuieleza kwa nini ipo.

## Hatua ya 5: Sasa geuza upande, anza na "kupata"

Hapa unatoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na hapa ndipo ajali ya mwanzo ilipotokea. Nakili orodha hii kwenye ukurasa wake:

- kupata ajali: "have an accident"
- kupata mtoto: "have a baby"
- kupata shida: "have problems", "have difficulty"
- kupata chakula cha mchana: "have lunch"
- kupata faida: "make a profit"
- kupata hasara: "make a loss"
- kupata umaarufu: "become famous"
- kupata nafuu: "get better", "feel better"
- kupata mimba: "get pregnant", "become pregnant"
- kupata uhuru: "gain independence"

Angalia jinsi "have" ilivyotawala. Kwa Kiingereza, yale yanayomfika mtu maishani mara nyingi huwa nayo, "have". Ya biashara huyatengeneza, "make".

Kuhusu uhuru: "Tanganyika got independence in 1961" itaeleweka, lakini katika insha ya historia ni nyepesi mno kwa jambo zito. "Tanganyika gained independence on 9 December 1961" ndiyo ya kuandika. Kenya vivyo hivyo, 12 Desemba 1963.

Kisha kuna watoto wa pata. Kupatikana ni "be available" kwa bidhaa na "be found" kwa kilichopotea: "Sukari haipatikani" ni "Sugar is not available", "Mtoto amepatikana" ni "The child has been found". "Is not getting" haina maana hapo. Kupatana ni "agree" kwa bei au jambo, na kwa watu wanaoishi vizuri ni "get on well" au "get along". Hapa, kwa nadra, pata na "get" zimekutana tena.

Utajuaje umefaulu. Funika upande wa Kiingereza kwa kiganja, sema yote kumi bila kusita.

## Hatua ya 6: Vihusishi vinavyobadilisha maana

Sitakaa sana hapa, kwa sababu hivi hukaririwa kwa kutumiwa, havina kanuni ya kukushikisha. Anza na vya safari na vya kila siku.

Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, ni "get on" na "get off". Gari dogo au teksi ni "get in" na "get out of". Kushuka daladala au matatu kwa hiyo ni "get off"; "get down from the bus" iache. Wakenya hutumia sana "alight", nayo ni sahihi, ila Uingereza utaiona zaidi kwenye matangazo ya vituoni kuliko kwenye midomo ya abiria.

Ongeza hivi vichache: "get up" ni kuamka na kuondoka kitandani, au kuinuka ulipokaa. "Get over" ni kupona au kusahau machungu. "Get back" ni kurudi. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo ulicho nacho. "Get away with" ni kufanya kosa na lisikuletee adhabu.

Onyo. Usiandike zaidi ya vitano kwa wiki. Anayekariri hamsini usiku mmoja huamka na vinane, na vyote vimevaa nguo za wenzake.

## Hatua ya 7: Tenganisha "got", "have got" na "have got to"

Sentensi tatu zinatosha:

- "I got a motorbike." Nilinunua au nilipewa pikipiki. Ni tukio.
- "I have got a motorbike." Nina pikipiki. Ni hali ya sasa, sawa na "I have a motorbike".
- "I have got to sell the motorbike." Lazima niiuze.

Katika maandishi rasmi, ya pili iandike "have" peke yake, na ya tatu "must" au "have to".

## Jaribio la mwisho

Nakili aya hii, funga kurasa nyingine zote, kisha uandike maana ya kila "get" bila kutumia pata, na kisawe chake kama kipo.

> I got up at five because I had to get to Kibaha before eight. It was getting hot when I got off the bus. At the office I got a letter, but I didn't get what it meant, so I got my brother to read it. He told me to get two passport photos and get the form stamped.

Majibu, kwa mpangilio wake:

1. got up: niliamka nikaondoka kitandani. Acha kama ilivyo.
2. get to Kibaha: nifike. "Reach Kibaha", bila "to".
3. getting hot: joto lilikuwa linazidi. "Becoming hot".
4. got off: niliposhuka. Acha.
5. got a letter: nilipewa barua. "Received".
6. get what it meant: sikuelewa. "Understand".
7. got my brother to read: nilimfanya ndugu yangu asome. "Persuaded" kama alisitasita. Ukiandika "asked" umesema ulimwomba tu, haijulikani kama alisoma.
8. get two passport photos: nitafute picha, nikapige. "Obtain".
9. get the form stamped: fomu ipigwe muhuri na mwenye muhuri. "Have the form stamped".

Ukikosea namba 7 au 9, rudi hatua ya 2, sehemu ya mtu na sehemu ya fundi. Ukikosea 1 au 4, ulijaribu kubadilisha kisichobadilika, soma tena "Wapi usiiguse". Ukikosea 5 na 8 kwa kuzibadilishana mahali, rudi kwenye hela.

Ukizipata zote tisa, chukua zile kurasa zako za mwanzo zenye mistari, uziandike upya kwa mkono. Sasa unaweza kuitoa ile programu ya kutafsiri: iandikie sentensi zako mpya za Kiingereza, uone Kiswahili inachokurudishia kama kinafanana na safu yako ya pili.